Shosho wa Mpira

Baba aliniita Mama tangu nizaliwe, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Kwetu Nyeri jina la mtoto humrudisha mwenyewe nyumbani, na huja na heshima zake na utani wake. Baba akifika mlangoni jioni alikuwa akiuliza, "Mama ameshakula?" nami nina miaka minne, kamasi puani. Nilikipenda sana cheo hicho. Siku nilipoacha ualimu ili nitunge maneno ya sanamu, akaacha kuniita hivyo. Nikawa "wewe." Wewe, pitisha chumvi. Iliniuma kuliko nilivyokubali, lakini mimi ni mkaidi, nikajifanya sikusikia tofauti.

Sanamu yenyewe alikuwa shosho, bibi kizee wa mpira, ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa uwanja wa michezo ya watoto, nje kidogo ya mji. Fundi alikuwa amemtengeneza vizuri ajabu. Alikuwa na mota ndogondogo usoni, kamera machoni na kikapu cha kiondo magotini. Ukimsogelea anageuza shingo, anapepesa macho na kukusikiliza. Kazi yangu ilikuwa kumpa ulimi wa kuchekesha watu. Hata sauti ilikuwa yangu. Niliirekodi nikiwa nimejifungia kabatini katikati ya makoti, nikimwiga marehemu shosho yangu, yule mama yake baba, ambaye naye alikuwa na ulimi wa pilipili.

Nilidhani kuchekesha ni kusema jambo kali tu. Nikaandika maneno makali, nikamwachia shosho ayagawe kwa kila mpitaji. Jumamosi ya kwanza akaja bwana mmoja kutoka Kerugoya na watoto wake, na nyuma yao mama mkwe wake, kitambaa kichwani. Shosho akamkazia macho yule bwana. "Hilo tumbo ni lako peke yako? Suruali inalia!"

Hakuna aliyecheka. Bwana alijifunika tumbo kwa mikono miwili. Mama mkwe aligeuka akautazama mlima, na siku hiyo mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, hakukuwa na cha kutazama. Mtu wa kwetu hata koti havui ovyo mbele ya mama mkwe, na mimi nilikuwa nimemvua nguo hadharani. Waliondoka bila kuingia.

"Hiyo mashini inanijua wapi?" bwana yule aliniuliza akipita.

Nilikasirika wiki nzima, nikasema watu wa siku hizi hawajui mzaha. Hasira ilipopoa nikaona mjinga ni mimi. Shosho yangu hakumtania kila mtu. Wakwe aliongea nao macho chini. Kaka yangu, mwenye jina la babu, shosho alimwita "mume wangu" na kumgombeza mbele ya wageni kwa kutoleta sukari, na kaka akacheka mpaka akaketi chini. Kwanza alijua wewe ni nani kwake. Utani ulikuja baadaye.

Nikafuta kila kitu. Sasa shosho wa mpira alianza kwa swali moja: umepewa jina la nani? Kamera ilikadiria umri. Kijana akawa mjukuu, mwenye mvi akawa mwana. Jina likamaliza kazi, likaonyesha shosho amwite nani. Msichana mmoja wa Doldol alijibu kwamba kwao hawaitani hivyo. Shosho akamwambia, "Basi wewe ni mgeni, na mgeni hatukanwi siku ya kwanza. Rudi kesho." Na kweli alirudi.

Kisha Jumapili moja baada ya kanisa, baba akaja. Koti la kijivu, fimbo, uso umekunjwa.

"Wewe, ati hii ndiyo kitu uliachia kazi ya serikali?"

Nikasema ndiyo. Nilijua akigeuka pale bila neno lingine, nitabaki "wewe" mpaka mmoja wetu azikwe.

Shosho alipepesa macho. "Wewe mwenye mvi, umepewa jina la nani?"

Baba alinitazama, akakohoa. "Ya baba ya mama yangu."

Shingo ya mpira iligeuka polepole. "Baba! Unatoka sokoni mikono mitupu? Mtoto wako atakula nini?"

Maneno hayo sikuyatunga. Kwa kuwa baba alibeba jina la baba yake shosho, shosho yangu alimwambia hivyo kila alipomtembelea, yeye ajuza asiye na jino, mwanawe akiwa na mvi tayari. Na kila mara baba alitoa ndizi mbivu kwenye mfuko wa koti, akammenyea. Niliandika kwamba aambiwe hivyo mzee yeyote mwenye jina la namna hiyo. Lakini niseme ukweli, nilimwandikia yeye.

Mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, ukatoka mtupu. Akacheka kidogo, kisha akatafuta leso.

"Leo nimesahau, mami," aliiambia sanamu.

Akakaa kwenye benchi kando yake. Alikaa sana, nami nikasimama tu kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Hatimaye akasema, bila kunitazama:

"Mama, hebu enda uninunulie ndizi. Siwezi toka hapa hivi."

Nilikwenda mbio, mtu mzima mimi, nikiwapita watoto kwenye foleni, nikanunua chana zima.