Kompyuta Yetu na Baridi ya Butembo

Hebu fikiria, rafiki yangu. Unanunua kompyuta, muuzaji anakuapia kwamba itakimbia, unaipandisha kwenye pikipiki hadi nyumbani hapa Butembo ukiwa umeikumbatia kama mtoto mchanga, halafu unafungua mchezo wa mbio za magari na gari linakwenda kwa kigugumizi. Linaruka, linakwama, linaruka tena. Nimepunguza ubora wa picha. Nimebadilisha driver. Nimezima kila programu inayozimika. Mtandaoni mjuzi mmoja anasema washa hiki, mwingine anasema ole wako ukikiwasha. Wiki ya pili sasa, nimechoka! Jumapili baada ya ibada nilimtumia dada yangu aliyeko Beni ujumbe wa sauti nikimlalamikia, naye akacheka mpaka akakohoa.

"Umeisha kuuliza soudeur?" akaniambia.

Nilicheka pia, japo kwa hasira. Kisha nikaweka simu chini, maana ugonjwa huu wa kompyuta tuliwahi kuuguza pamoja utotoni, na siku tulipoupatia dawa nilifanya jambo ambalo bado linaniuma.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba, aliyeuza vitenge mjini, alileta sebuleni kompyuta iliyokwisha kutumika na wengine, kioo kikiwa juu ya meza na sanduku lake kubwa limesukumwa chini, karibu na ukuta. Dada yangu, niliyemwita Yaya kwa kuwa ndiye mkubwa, alipata mchezo wa magari kwenye duka la fotokopi. Mwaka mzima tulipigania ubingwa wake. Yeye aliendesha, mimi nilipiga kelele za kona: kushoto! kulia! Tulishinda mbio zote ikabaki moja tu, ya mwisho, na hiyo ilitakiwa iishe kabla ya likizo kwisha, kwa sababu Yaya alikuwa anakwenda kusoma Beni na kulala hukohuko shuleni. Alisema hawezi kuondoka akiwa amebakiza mbio moja. Mimi nilimwamini kabisa, na nilitaka kile kikombe kuliko yeye.

Basi hapo ndipo gari lilipoanza kukwamakwama. Linaanza vizuri, dakika kumi hivi, halafu likifika kona ya pili, kwisha! Tunajikuta bondeni.

Umeme tuliupata kwa waya kutoka kwa jirani yetu soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye groupe yake, jenereta kuukuu, ilinguruma kutwa na kutujazia harufu ya mafuta ya mazutu mpaka kwenye maharagwe. Kila alipochomelea mlango, taa yetu ilififia. Tukasema mwizi ndiye huyu. Yaya alimwendea na heshima zake zote, akamwomba asichomelee kidogo ili gari letu lipite.

"Batoto, nisimamishe kazi ju ya kamutuka ka mu machine?" akashangaa. "Bon. Dakika kumi tu."

Akasimamisha kazi. Gari likakwama vilevile. Jirani wa upande wa pili, mtumishi wa serikali aliyetumwa kwetu kutoka Kinshasa, akatoa hukumu bila kuinuka kitini: "Ça, ni virus." Tukasafisha virusi. Fundi wa kompyuta akasema kumbukumbu ya mashine ni ndogo, akachomeka nyingine. Tukapunguza picha, tukaondoa miti, tukaondoa watazamaji, gari lenyewe likabaki mfano wa sanduku la sabuni, na bado lilikwenda kwa kigugumizi. Wagonjwa wengine hawana shukrani.

Nyanya yetu, tuliyemwita Koko, alikuwa akitutazama kutoka mlangoni huku akimenya viazi. Alikuja kutoka Lubero kila likizo na gunia lake la viazi, na kwa kweli mgeni njoo mwenyeji apone, kwa maana tulikula mpaka tukalegea. "Haraka haiko na baraka," alituambia kila gari lilipoanguka, nasi tuliuma meno. Jioni alifuma. Nyumba yetu yote ilivaa vitambaa vyake: redio, televisheni, thermos, migongo ya viti. Alivifua kila Jumamosi na kuvinyoosha kwa pasi ya makaa. Kompyuta nayo aliifumia viwili likizo hiyo, cha kioo na cha sanduku, vyenye maua ya manjano pembeni. Cha kioo tulikiondoa tukitaka kucheza. Cha sanduku, nani angejali? Kiliteremka nyuma hadi sakafuni.

Jumamosi ya mwisho, Yaya akiwa amekwisha kufunga sanduku la nguo, gari lilianguka mara ya sita, naye akaanza kulia. Nilitambaa chini ya meza nikitaka kung'oa nyaya zote. Mkono wangu ukapita nyuma ya kile kitambaa. Kulikuwa na joto la tanuri la mikate. Hewa yote ya moto iliyotoka ndani ya mashine ilikuwa imenaswa pale, ikirudi ndani.

Nikakivuta, nikakibwaga sakafuni mbele ya miguu ya nyanya yangu.

"Koko, ni weye! Siku zote hizi ni weye! Nguo yako ndjo inaua machine!"

Kisu kikasimama kwenye kiazi.

"Miye nilizani inasikia baridi, mutoto wangu," akasema. "Butembo ni baridi. Kitu ya maana banaifunikaka."

"Omba pardon," Yaya akaniambia.

"Hapana!"

Koko akaokota kitambaa, akakikung'uta, akakikunja mara nne. Sisi tukangoja mashine ipoe, kisha Yaya akakaa. Gari likateleza kama maji. Kona ya pili, ya tatu, mzunguko wote, na kikombe kikawa chetu. Tulipiga yowe mpaka soudeur akaja mbio na miwani yake kwenye paji la uso. Koko alipiga makofi kuliko sote, ingawa hakuwahi kuelewa ni nani anashindana na nani.

Kesho yake Yaya akaenda Beni. Jumatatu nilipotoka shule nilikuta sebule ya mtu mwingine. Redio uchi. Thermos uchi. Viti vilionyesha migongo iliyochubuka. Koko alikuwa mkekani na mfuko umejaa vitambaa vyake.

"Nimetosha zote, nimeziondoa," akasema polepole. "Inawezekana iko na zingine nilikuwa naua bila kujua."

Alirudi Lubero na mfuko ule. Alikuja tena likizo nyingine, na viazi vyake, na methali yake, mpaka mwaka alipofariki, lakini hakufuma tena kitu chochote kwa ajili ya nyumba yetu. Leo nyumba za Butembo zina vifaa vingi vinavyong'aa, na sijui ni nani bado anavivika. Najilaumu, rafiki yangu, na sijitetei kwa utoto. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilijua vizuri kwamba thermos haipumui na kiti hakipati moto. Sikumwambia. Nilimpita pale mkekani, nikaenda kuwasha kompyuta.