Goti la Alistidia Huko Japani

Alistidia alifika kijijini kwake Kaagya mchana, kutoka Japani, miguu imevimba hata viatu vimekataa kuvulika. Alitamani kitanda tu. Lakini sebuleni wanawake wa usharika walikuwa wamejaa mkekani. Walishapika, walishaimba, sasa wanangoja habari.

"Tueleze, Ma Alistidia," alisema jirani yake Joanitha, akimpa kikombe cha chai. "Japani wanakula ndizi?"

"Wanazo. Zinauzwa mojamoja, zimefungwa kama dawa."

Wakacheka. Yeye hakuwa na nguvu ya kucheka. Binti yake Evelyne ni muuguzi huko, anatunza wazee. Ilipofika wiki ya sikukuu zao akapata likizo, akamwita mama yake, kisha akamzungusha kila siku: leo ngome ya wafalme wa zamani, kesho hekalu, kesho kutwa hekalu jingine. Ngazi za ngome zimesimama kama ukuta, unapanda kwa mikono na miguu, viatu umevibeba kwenye mfuko. Ukifika juu unaoneshwa dirisha. "Mwanangu," alimwambia Evelyne, "huyu mfalme hakuwa na mama mzee?" Penye malango mekundu, wanakopigia mizimu yao makofi, alikaa nje kwenye jiwe, akamwacha Evelyne aende peke yake. Mahekalu nayo, kokoto za uani zilimmaliza. Alitafuta pa kukaa kuliko cha kutazama.

Hellen, mwenyekiti wa wanawake, hakuwa amecheka na wenzake. Alitoa simu kwenye mkoba.

"Dada, picha hii Evelyne aliituma kwenye kundi letu. Imefika mpaka Muleba, wifi yangu wa Rubya ananiuliza. Nimwambie nini?"

Pichani Alistidia amepiga magoti, kichwa chini, na mbele yake sanamu kubwa ya dhahabu. Wanawake wakasogea kuitazama. Alistidia ni mzee wa kanisa, ndiye anayeandaa meza ya Chakula cha Bwana. Tangu afiwe na mume, kufua vile vitambaa na kupanga vile vikombe ndiyo kazi iliyokuwa ikimwamsha asubuhi ana furaha. Na Jumapili ilikuwa karibu.

"Nilikuwa namsalimia mzee," alisema polepole. "Mtunza hekalu, mzee sana. Aliniona nachechemea, akaniletea mkeka mdogo nikae. Mzee namsalimiaje nimesimama? Goti lilishuka kabla sijafikiri. Naye akapiga lake. Nikainama zaidi, naye akainama zaidi. Tukabaki chini wote wawili, hakuna wa kuanza kuinuka. Evelyne akapiga picha huku anacheka."

"Huyo mzee haonekani," alisema Hellen.

"Nguzo imemficha."

"Nakuamini, dada. Lakini watu wanaona sanamu. Jumapili hii Joanitha aandae meza. Mchungaji akirudi tutaongea."

Alistidia akamgeukia Joanitha. "Sawa," alisema. "Joanitha, kitambaa cha juu kina lesi. Usikipige pasi ya moto sana."

Ndipo mlango ukasukumwa. Mama mkwe wa Alistidia, bibi Eufrazia, akaingia na fimbo yake kutoka kibanjani, kwenye migomba, akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu na nguzo, mbele ya magunia ya kahawa. Wanawake wote wakapiga magoti. Hellen, aliyekuwa karibu zaidi, akainama hasa.

"Wasibota, bibi," akamsalimia.

Bibi akaitikia, naye hana haraka. Akaanza kuuliza: mume hajambo, watoto je, mvua huko kwenu, na ng'ombe yule mwekundu. Hellen anajibu, yuko pale pale chini.

"Hellen," alisema Alistidia kwa sauti ya kuchoka, "nikupige picha? Nikisimama kule, nguzo itamficha mama. Watasema unaabudu buni."

Joanitha akajiziba mdomo. Hellen akayatazama magunia, akayatazama magoti yake.

"Meza andaa wewe," alisema hatimaye, bado yuko chini. "Nami nitakaa nawe mbele. Atakayeuliza aniulize mimi."

"Mnaongea nini?" bibi aliuliza. "Huyu hajanijibu habari za ng'ombe."

Hellen akamjibu kwamba ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Bibi akafurahi, akataka kujua rangi yake. Alistidia alikwisha kuegemea ukuta, kikombe mkononi, amelala.