Gunia Kwenye Mdomo wa Bomba

Tuanze na bwawa lenyewe, maana usipolielewa utamhukumu mama wa watu kabla hatujafika mbali. Lilikuwa bwawa dogo la udongo, tuta lake limeota nyasi fupi, na halikujengwa ili liweke maji. Ndiyo, umesikia sawa. Lilijengwa likae tupu. Chini ya tuta lilipita bomba nene la saruji, mdomo wake wazi siku zote. Mvua ikishuka kwa hasira kutoka vilimani, bwawa linaipokea yote, halafu bomba linaiachia taratibu, kama mtu anayemimina chai ya moto kwenye kikombe kidogo. Yakizidi kabisa, maji hupita pembeni kwenye mfereji mpana unaoitwa utoro. Basi kiangazi kizima bwawa linakaa kavu, na watu wanalicheka: "Sufuria iliyotoboka hiyo! Nani alipika humo?"

Mlinzi wake alikuwa mzee mmoja mcheshi, watu wakimwita Bwana Bwawa. Kazi yake ilikuwa kutoa matawi kwenye mdomo wa bomba, kufukia mashimo ya panya na kufukuza ng'ombe juu ya tuta. Mdogo wake wa kike, fundi cherehani, aliishi upande wa chini, karibu na utoro. Na kaka yao mkubwa, aliyekwisha kufariki, alimwacha mjane: huyo ndiye mama ninayetaka kuwasimulia. Alifyatua na kuchoma matofali, wakamwita Mama Tanuri. Ndugu zake mwenyewe walikuwa mbali. Tangu azike mume, mlinzi na fundi ndio waliokuwa watu wake. Akiumwa, wifi yake anakuja na kitambaa cha kumkanda. Tanuri likizimika, shemeji yake anakuja na kuni na utani.

Sasa, mwaka huo macho ya Bwana Bwawa yaliingia ukungu. Akaambiwa aende hospitali ya mjini akatolewe mtoto wa jicho. Asubuhi ya safari alipita kwa Mama Tanuri, ambaye uwanja wake wa matofali ulipakana na bwawa.

"Shemeji, niangalizie bomba. Ukiona tawi, toa. Ukiona chura, mwache, huyo mfanyakazi mwenzangu."

"Nenda salama, shemeji. Ukirudi utaniona vizuri, uache kuniita mrembo."

"Ndiyo ninachokiogopa," mzee akasema, akaenda zake.

Yalikuwa maneno ya watu wawili uani. Hakuna mwingine aliyesikia.

Mama Tanuri alikuwa amepokea kazi ya matofali ya nyumba nzima, na maji aliyachota kisimani, mbali, kwa ndoo, na mgongo wake ulikuwa umeshaanza kugoma. Kabla ya msimu ikanyesha mvua ya kutania, ya kulowesha vumbi tu. Akasimama juu ya tuta, akaona maji mazuri yanajikusanya chini kisha yanatoroka bombani, yanakwenda bure. Roho ikamuuma. Akachukua gunia, akalijaza udongo wa matofali uliokandwa, akalishindilia kwenye mdomo wa bomba. Akajiambia: siku chache tu, masika bado.

Maji yakakaa. Na kwa vile yalikaa, kila mtu akafurahi. Wachungaji wakanywesha ng'ombe, watoto wakaogelea, wenye bustani wakaja na madebe. Hakuna aliyeuliza sufuria imezibwa na nani. Mvua nyingine ndogo ikaongeza. Mama Tanuri akafyatua matofali kwa raha ambayo hakuwahi kuijua, na kila jioni akasema kesho nitalitoa.

Masika hayakumsubiri. Mchana mmoja mbingu ikawa nyeusi upande wa vilima, na kabla hajafunika matofali yake akasikia mkoromo wa maji. Akayaacha matofali yayeyuke, akakimbilia bwawani. Lilikuwa limeshajaa. Aliingia hadi kifuani, akapapasa kwa miguu mpaka akaligusa gunia, akainama, akalishika masikio, akavuta. Lilikuwa kama limeota mizizi. Maji yote yale yalikuwa yanalisukuma ndani ya bomba. Kila yalivyopanda ndivyo lilivyozidi kukaza. Alivuta hadi kucha zikang'oka. Alilitukana, akalibembeleza, akalivuta tena. Maji yalipomfika kidevuni akatoka, akakaa juu ya tuta, akayaangalia yanavyoingia utoroni kwa ngurumo, kuelekea kwa wifi yake.

Hakufa mtu. Lakini chumba cha ushonaji ukuta wake wa nyuma uliyeyuka kama sukari, meza ikavunjika, cherehani ikafukiwa na tope, na nguo za wateja zikachukuliwa. Sare za shule alizoshona fundi zikaonekana huku na huko mtoni, zimenasa kwenye vichaka, mikono imetanuka kama watoto wanaocheza.

Mvua ilipokata, Mama Tanuri alichukua mtaimbo wa mlinzi, chuma kirefu cha kuzibulia bomba, akaenda upande wa chini wa tuta, akauingiza bombani, akalichoma gunia mpaka likapasuka. Bomba likatema tope lote. Watu waliokuja mbio wakamkuta amelowa, vidole vinavuja damu, maji yanapita.

"Tazameni mwanamke huyu!" wakasema. "Mwenye bwawa yuko mjini, yeye kazibua peke yake!"

Akafungua mdomo. Wifi yake akamkumbatia kwa nguvu, na tope lake lote. "Uliingia majini kwa ajili yangu, wifi? Ungekufa, je?"

Mdomo ukafunga.

Bwana Bwawa alirudi jicho moja limefunikwa. Hakupita nyumbani kwake, alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Mama Tanuri alikuwapo, anazoa tope kwa koleo.

"Umekuja kujaribu macho mapya?" fundi akamuuliza kaka yake. "Jaribu basi. Ile pale kwenye mwiba ni sare ya mtoto wa watu. Unaiona?"

"Naiona, mdogo wangu."

"Usiniite hivyo. Ungekumbuka una mdogo, ungemwachia mtu bomba lako."

Koleo la Mama Tanuri likasimama. Mzee akageuza jicho lake moja, likapita usoni kwake, likaenda zake. "Kazi ni yangu," akasema. "Niliiacha." Akaweka begi chini ili asaidie kuzoa. Dada yake akalichukua lile begi, akaliweka nje ya uzio.

Tangu siku hiyo ndugu hawa wawili hawakusemezana. Mama Tanuri akawa katikati, anatoka kwa huyu anakwenda kwa yule, na kote anapewa kiti kizuri. Fundi alimsifu kwa kila mteja aliyekuja kulilia nguo yake: "Ningekuwa na ndugu kama wifi yangu!" Wanawake kisimani walimpisha foleni. Kilemba cha ukoka hicho, naye alijua nani alikisuka. Aliapa kumfyatulia wifi yake matofali ya chumba kipya, na hilo nalo likageuka sifa nyingine.

Siku moja akajikaza, akamfuata mzee tutani. "Shemeji, mbona hukusema uliniachia mimi?"

"Niseme ili iwe nini? Watu wawili walaumiwe badala ya mmoja? Tawi likiingia bombani mvua inanyesha, wewe na mgongo huo ungelionaje? Tena ulijitosa." Akacheka kidogo. "Mimi nimezoea kutukanwa. Hata ng'ombe wa kijiji hiki hawaniheshimu."

"Na mdogo wako?"

Hapo hakucheka. Aliinama akang'oa nyasi ndefu juu ya tuta. "Jana nilimsalimia njiani. Akaniamkia kama mgeni."

Ilikuwa nafasi ya Mama Tanuri kukiri. Akasema: "Tutaonana, shemeji," akaondoka, akijichukia kila hatua.

Baada ya mavuno ya kwanza kamati ya bwawa iliitisha mkutano kwenye ghala. Mwenyekiti alikuwa mtu mfupi wa maneno. Akasema mlinzi amezeeka, amekubali kukaa pembeni, na kamati imemwona mtu anayefaa, mtu aliyeonyesha moyo mvua ilipotupiga. Makofi yakaanza kabla hajamtaja. Fundi ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Bwana Bwawa akasimama na mtaimbo wake. Aliufuta kwa shati, akamletea shemeji yake kwa mikono miwili.

"Jambo moja tu nikufundishe," akamwambia, na sauti yake haikuwa na kinyongo hata punje. "Watu watakuja wakuombe uzibe, wapate maji kidogo. Wote ni watu wazuri. Usikubali."

Mama Tanuri aliutazama mtaimbo, hakuupokea.

"Bomba halikuzibwa na tawi," akasema. "Niliziba mimi."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni mzaha.

"Kwa gunia la udongo wa matofali. Nilitaka maji. Shemeji aliniachia bomba mimi, kwa mdomo wake, kabla hajaenda hospitali. Niliingia majini kulitoa likanishinda. Ndiyo hayo mnayonisifia."

Nyuma kabisa sauti ya mchungaji mmoja ikanong'ona, "Na sisi tulinywesha ng'ombe..." akakanyagwa mguu anyamaze. Mzee alibaki na mtaimbo mikononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiyemjua.

Fundi alimwangalia wifi yake muda mrefu, vile anavyoangalia kitambaa kilichokatwa vibaya, akitafuta kama kuna kinachookolewa. Alisimama, akapita mbele yake, akamshika kaka yake kiwiko.

"Kaka, twende nyumbani," akasema. Na mlangoni, kwa sauti iliyokatika: "Na hilo chuma lako beba. Utaliacha kwa nani?"

Asubuhi Mama Tanuri akapakia matofali kwenye toroli, akalisukuma mpaka uani kwa fundi. Kaka na dada walikuwa wameshaamka wanajenga, mzee anachanganya udongo, fundi anashika uzi wa kunyooshea ukuta. Kazi haikusimama kwa ajili yake.

"Wifi," akaita.

"Weka pale."

"Wifi yangu, mimi..."

"Weka pale, nimesema. Wifi yako bado hajaamka."

Mzee akainamia udongo wake, akaukoroga haraka kuliko ulivyohitaji. Mama Tanuri akayapanga matofali alipoonyeshwa, moja moja, asivunje pembe. Alipomaliza akageuza toroli, akaenda kuleta mengine.