Maharagwe Mabichi ya Mbooni

Mama mdogo wangu alikufa kwa uvimbe wa titi katika miaka ya sitini, nikiwa bado shule ya msingi. Alikuwa dada wa pekee wa mama, mcheshi, mwenye sauti nene iliyowafunika hata wanaume wa kwaya. Alipougua, majirani walimwambia kwamba sukari ndiyo inayonenepesha uvimbe. Akaacha chai tamu, akaacha maembe, akaacha hata asali. Uvimbe haukujali. Baada ya mazishi, mama hakutaka ugonjwa ule utajwe nyumbani kwetu, nasi tukajifunza kunyamaza.

Lakini lile swali la sukari lilibaki nami shuleni kote hadi chuo kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mtafiti katika maabara ndogo jijini Nairobi, nikichunguza sukari na saratani. Si sukari ya kwenye chai. Kila seli ya mwili imevaa kitu kama koti la manyoya, na manyoya yenyewe ni sukari zilizoungana mithili ya matawi. Seli inapogeuka kuwa saratani, matawi hayo hubadilika. Nilitaka kuona yanavyobadilika kwenye vinofu vya uvimbe vya wanawake wa kwetu, vilivyokuwa vimehifadhiwa maabarani.

Kuyaona kulihitaji protini fulani itokayo kwenye maharagwe mekundu, ambayo hushika baadhi ya sukari na kuziacha nyingine. Tuliagiza ng'ambo. Ilikaa bandarini hadi ikaharibika kwa joto.

"Tafuta mada nyingine," mkuu wangu wa maabara aliniambia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuagiza vitu visivyofika.

"Maharagwe tunalima kwetu," nikamjibu. "Nitaitoa mwenyewe."

Nilimwandikia mama kule Mbooni anitumie maharagwe mekundu. Sikumwambia ni ya nini. Ningeanzia wapi? Mfuko ukafika, umeshonwa vizuri kwa uzi wa katani.

Nilisaga, nikaloweka unga kwenye maji ya chumvi, nikachuja, kisha nikadondosha maji yale kwenye damu. Kama protini ingekuwemo, chembe za damu zingegandamana na kufanya vidonge vidogo. Damu ilitulia tu kama rangi kwenye kikombe. Nikarudia. Nikabadilisha chumvi, nikabadilisha kitambaa cha kuchujia, nikamsumbua fundi wa mashine. Wiki tatu zikaisha. Mkuu alikuwa akipita mezani kwangu bila kuuliza, na huko kutouliza kuliniuma kuliko maneno.

Jumamosi moja nilipanda kwenda nyumbani. Nilimkuta mama akipepeta kunde uani.

"Mwaitu," nilimwita kwa Kikamba chetu, yaani mama yangu, "yale maharagwe uliyatoa shamba gani?"

"Hapo chini kwa mto. Hayakuiva upesi?"

"Sikuyapika."

Akaweka ungo chini. "Hukuyapika? Na vile nilijisumbua! Niliyachemsha kwanza, nikayaanika, ndio usimalize mafuta ya stovu huko Nairobi."

Nilikaa kwenye jiwe la kunolea visu. Nilikuwa nimeyaona maganda ya maharagwe yale yalivyokunjamana, nikadhani ni ukame. Kuchemsha huiua protini ile. Ndiyo sababu maharagwe mabichi hutapisha na yaliyoiva hayatapishi. Mama alikuwa amenipikia kwa upendo wiki zangu tatu zote.

"Kwani unayafanyia nini?" aliuliza.

Basi nikamwambia. Nilitaja ugonjwa kwa jina lake, nikamtaja na dada yake. Nilimweleza juu ya koti la sukari na matawi. Mama alisikiliza akitazama mikono yake, na kwa muda niliogopa kwamba nimemuumiza bure.

"Kwa hivyo si chai iliyomuua," hatimaye alisema.

"Si chai, mwaitu."

"Nilimnyima sukari mimi mwenyewe. Aliniomba, nikamnyima."

Alilia kidogo, akajifuta kwa leso. Kisha akainuka, akaingia ghalani, akatoka na debe la maharagwe. Tuliketi tukayachambua punje moja moja, yeye akitupa yaliyotobolewa na wadudu, mpaka jua lilipofika kwenye ukingo wa kilima. Hakunipa ruhusa ya kumsaidia kufunga mfuko.

Jumanne iliyofuata damu iligandamana. Niliitikisa sahani yenye damu hiyo mara mbili kuhakikisha, halafu nikamwita mkuu. Aliinama, akatazama, akasema, "Rudia mbele yangu." Nikarudia. Akavuta kiti akaketi.

Ilituchukua miezi mingi kuisafisha protini ile na kuiunganisha na rangi. Tulipoipaka kwenye vinofu, kwenye vile vya titi lenye afya rangi ilififia. Kwenye vingi vya saratani ilishika kwa nguvu, kahawia iliyokolea. Vingine vilikataa, na hadi leo sijui sababu zote. Haikuwa tiba, wala sikumdanganya mtu kuwa ni tiba. Lakini tulikuwa na njia yetu ya kutazama, na hatukungojea meli.

Mwaka uliofuata niliandikia hospitali moja ya misheni upande wa Kitui kusini, nikiomba vinofu zaidi, kwa idhini ya wagonjwa. Muuguzi mkuu alijibu kwamba wanawake wawili wamekubali, ila mmoja anataka kwanza nije mwenyewe nimweleze. Nilifunga sanduku la barafu, nikaenda.