Ulimi Mweupe

Ramadhani hii nilikwenda kufuturu kwa mama, Mji wa Kale, na kabla sijavua viatu binti yangu, aliyeshinda huko, akanikimbilia, ulimi nje. "Mama, mweupe?" Ulikuwa mweupe kweli, mkavu. Ndiyo mara yake ya kwanza kufunga siku nzima. Binti yangu ni mzima, tulimpima damu mapema, lakini nilimshika kidevu, nikautizama tena.

Wewe uliyekulia kwetu unakumbuka. Ushahidi wa mtoto aliyefunga ulikuwa ulimi. Tulikaguana chuoni kwa maalimu, tukakaguana barazani, na aliyetoa ulimi mwekundu, yaani amekula mchana, alizomewa "Kobe! Kobe!" mpaka mlangoni kwao. Tangu alasiri mtaa ulinukia kaimati na viazi vya karai, na bibi alikuwa ameshafukiza mtungi kwa ubani ili maji ya kufuturia yapate harufu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa kobe wa kila siku. Alikuwa na selimundu. Daktari alitueleza kwamba chembe zake nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikanasa mishipani, ndipo mifupa ikamuuma. Baba na mama, wazima wote wawili, walimrithisha bila kujua, huyu nusu na huyu nusu. Bibi hakukubali. Kwake ile ilikuwa baridi iliyoingia mifupani, dawa yake kukandwa kwa mafuta ya moto. Jambo moja tu alipatana na daktari, mtoto asikae na kiu. Basi kila asubuhi mama alimkagua ulimi, akiomba auone mwekundu.

Siku moja ya joto kali, mtoto akaumwagia mrehani wa bibi maji yake yote, kikombe baada ya kikombe, wala hakuna aliyemwona. Alasiri akanijia mbio, uso umemchanua. "Dada, nitizama ulimi! Nani kobe sasa?" Sijapata kumwona na furaha kama ile. Nikaenda mbio kumwita mama.

Mama alipofika na maji, maumivu yalikuwa yameshaanza miguuni, yakapanda kifuani. Bibi akamkanda, mafuta yakimchuruzika mikononi. Baba akambeba hadi kwenye teksi, akawa anawapigia kelele watu wa Bondeni watupishe, nao wako mbioni kununua vya kufuturia. Mimi nilimshika mguu, kwa kuwa sikujua la kufanya. Mama alimsogezea kikombe mdomoni. "Nwa, mamangu, nwa." Naye alifumba midomo, machozi yakimtiririka. "Bado kuadhiniwa," alisema.

Siku ile alipona, kwa maji ya kutiwa mshipani. Akaumwa tena, na tena, nasi tukikizunguka kitanda mikono mitupu. Alitutoka kabla hajafika umri wa kulazimika kufunga. Maalimu alikuja kutupa pole, akasema mgonjwa hana lawama, na mtoto ndiyo kabisa. Sote tuliitikia. Niliumia kwamba aliyetaka sana kuyasikia hayo hakuwapo.

Mtungi wa bibi ulivunjika zamani, na bibi mwenyewe hayuko. Maji siku hizi hutoka kwenye friji, hayanukii kitu.

Nilimsifu binti yangu, nikambusu. Kisha nikaingia jikoni, nikajaza kikombe maji, nikasimama nacho. Adhana ilikuwa bado, na sikuwa na wa kumpa.