Siku Nilipoiombea Roboti

Nichekeni tu, nimezoea. Mimi ni mzee wa kanisa Kisumu Ndogo, na juzi mjukuu wangu Brayo alikuwa afanyiwe upasuaji na roboti, kwa sababu mrija wa mkojo umeziba chini ya figo. Siku iliyotangulia, nesi alitupeleka kuiona mashine. Akatueleza kwamba tumbo la mtoto ni dogo, kwa hivyo mikono ya chuma isipopangwa vizuri inagongana.

Nikaona hapo shetani amepata mlango. Kabla nesi hajanizuia, nikaipaka mikono yote mafuta ya upako nikinguruma, “Bwana, mpe roboti hekima! Huyu hagomi kama madaktari!”

Mkono mmoja ukasonga.

“Roho ameshuka!” nikapiga nduru.

Pembeni, msichana alikuwa ameinamia mashine nyingine, vidole vinacheza. Nikamfokea, “We dada, wacha game! Watu wanaomba!”

Nesi akaninong’oneza, “Mzee, huyo ndiye daktari. Ni yeye anayesongesha hiyo mikono.”

Daktari akaja, akainamisha kichwa mbele yangu. “Basi niombee na mimi, mzee.”

Nikageuza chupa ya mafuta. Haikutoa hata tone.