Kocha na Figili Zake

Kocha mstaafu, aliyewahi kuichezea timu ya soka ya Shimizu, Japani, kabla ya kuifundisha, siku hizi hujulikana kwa figili. Kila asubuhi huzipapasa bustanini kwa viganja vyake vipana akizinong'oneza, "Taratibu, wanangu, msiharakishe," na watu lukuki mitandaoni hummiminia mioyo. Mkewe, Fusae, ndiye humrekodi. "Ungewabembeleza vijana wako hivi, si mngekuwa mabingwa!" humtania. Yeye huguna, kisha huomba kitana ajichane kabla ya kurekodiwa.

Leo Fusae alimsomea ujumbe mpya: "Kocha, ni mimi Iwashita, kipa uliyeniacha benchi siku ya fainali bila kuniambia neno. Figili zako zina bahati." Mzee hakuguna. Aliichukua simu, akaiweka mezani, akaiinamia kama aombaye radhi mpaka paji la uso likagusa ubao.

"Simu haina macho, mzee wangu," Fusae akamwambia kwa upole. "Mpigie."

Akapiga. "Iwashita, nilikukosea. Nisamehe."

Iwashita akauliza, "Kamera imewashwa?"

"Hapana. Niko na mke wangu tu."

"Basi rudia, kocha. Nataka kusikia tena."